Mahakama Si ya Wahalifu Peke Yao: Haki Nyingi Hupotea Kabla ya Kufika Mlangoni

"Nitakupeleka kotini!" Neno hili likitamkwa barazani kwetu Pwani, watu hunyamaza. Aliyeambiwa huona amevunjiwa heshima, na aliyelisema huonekana mkorofi asiyetaka suluhu. Ndiyo maana wengi wetu huona ni afadhali kupoteza haki kuliko kuonekana tumeketi kwenye viambaza vya mahakama. Ukionekana pale na jirani, swali lake la kwanza ni: "Kwani umefanya nini?"

Hapo ndipo tunapokosea. Nenda mahakama yoyote asubuhi, iwe Mombasa, Kwale, Malindi au Lamu, uangalie walioketi kwenye mabenchi. Wengi wao hawakufanya lolote baya. Kuna mjane anayefuatilia mirathi ya mumewe. Kuna mama anayetaka baba watoto achangie karo. Kuna muuza samaki anayedai pesa zake kwa mwenye mkahawa. Kuna ndugu wa kijana aliyekamatwa jana usiku, wamekuja kumtolea dhamana. Mambo hayo yote hutokea mitaani mwetu kila wiki.

Makala haya yanaeleza mahakama gani inashughulikia jambo gani, na kwa nini kuchelewa kwenda ndiko kunakotuumiza zaidi. Maana ukiwauliza waliopoteza nyumba, shamba au deni, wengi wao hawakushindwa kesi. Hawakuifungua hata siku moja.

Baraza la wazee na mahakama si maadui

Kifungu cha 159 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kuwa mamlaka ya mahakama hutoka kwa wananchi. Kifungu hicho hicho kinataka haki itolewe kwa wote bila kujali cheo, isicheleweshwe, na isikwamishwe na ufundi wa taratibu usio na maana. Tena kinaagiza mahakama zihimize maridhiano, upatanishi na njia za kimila za kumaliza migogoro, ilimradi zisipingane na Katiba wala kumnyima mtu haki zake.

Kwa hivyo kwenda kwa mzee wa mtaa, imamu au chifu kwanza si kosa, na mara nyingi ndiyo njia ya busara. Lakini ni vyema kujua tofauti. Mzee anaweza kusuluhisha, hawezi kulazimisha. Mdaiwa akikubali mbele ya wazee kwamba atalipa mwisho wa mwezi, kisha asilipe, wazee watabaki kumlaumu tu. Amri ya mahakama ina nguvu ya sheria, na anayeikaidi anaweza kukamatiwa mali yake, na katika baadhi ya kesi kufungwa.

Mkisuluhishwa barazani, andikeni mapatano hayo, mtie sahihi, na mashahidi watie zao. Mapatano ya mdomo hufa na waliokuwepo. Hata kesi ikishafunguliwa, mahakama inaweza kuipeleka kwa mpatanishi, na mkikubaliana mbele yake, makubaliano yenu yakisajiliwa huwa na nguvu ya amri ya mahakama.

Ngazi zenyewe

Mahakama zilizo karibu nasi ni zile za mahakimu, za kadhi, na za madai madogo. Juu yake kuna Mahakama Kuu, na sambamba na hiyo kuna mbili zenye hadhi sawa: Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na ile ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Asiyeridhika huko hukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa, na juu kabisa ni Mahakama ya Juu jijini Nairobi.

Mambo mengi ya mwananchi wa kawaida huanzia na kumalizikia ngazi ya chini. Kesi za madai kwa mahakimu hutegemea cheo cha hakimu: hakimu mkazi anaweza kusikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 5, na hakimu mkuu hadi milioni 20. Kesi za watoto nazo zina mahakama yake. Kwa wakazi wa Mombasa, mahakama ya watoto iko Tononoka.

Kwa kadhi

Mahakama za kadhi zimekuwa sehemu ya maisha ya Pwani tangu kabla ya Waingereza. Walipochukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, makadhi walibaki. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, serikali ya Jomo Kenyatta na ile ya Zanzibar zilikubaliana kuwa mahakama hizo zitadumishwa. Leo zimo ndani ya Katiba, kifungu cha 170.

Mamlaka yake yana mipaka. Kadhi husikiza mambo ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Tena kuna masharti mawili: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kesi isikizwe huko. Kadhi hasikizi kesi ya wizi, wala deni la duka. Asiyeridhika na uamuzi wa kadhi ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu.

Mwanamke aliyeachwa kwa neno la mdomo, bila cheti chochote, anaweza kwenda kwa kadhi ili talaka ithibitishwe na haki zake zijulikane. Aliyetelekezwa miaka, mume hajulikani alipo wala haleti matumizi, naye ana mlango hapo. Asiseme tu, "Nimemwachia Mungu," huku anashindwa kuolewa tena kwa kukosa karatasi.

Nyumba ya marehemu

Jambo linalovunja koo zetu kuliko jingine lolote ni mirathi. Babu alikufa, hati ingali kwa jina lake. Baba naye akafa. Sasa wajukuu wamejaa nyumba moja, na mmoja wao amekwisha pokea arubuni kwa mnunuzi bila wenzake kujua.

Chukua mfano mwepesi. Mtu Muislamu amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Nyumba yake ina thamani ya shilingi milioni 4. Madeni, gharama za mazishi na wosia zikishatolewa, tuseme milioni 4 yote imebaki. Mke hupata thumuni, yaani shilingi 500,000. Inabaki milioni 3.5, ambayo hugawanywa mafungu matano: binti fungu moja, shilingi 700,000, na kila mwana mafungu mawili, shilingi milioni 1.4. Hesabu hiyo humalizika kwa dakika kumi, na warithi ni wanne tu.

Sasa subiri miaka ishirini bila kwenda kwa kadhi. Mjane amefariki, mwana mmoja amefariki na kuacha mke na watoto watano, mwingine yuko Oman na simu hapokei. Warithi wamefika kumi na zaidi, mafungu yamekatwa vipande, na kila mmoja anasimulia aliyoyasikia kwa marehemu. Anayeumia zaidi mara nyingi ni binti. Kwa miaka yote ameambiwa, "Nyumba ni yenu nyote, haina haja ya kuandikishana." Siku inapouzwa, jina lake halimo popote.

Wengi hawajui kwamba kuuza au kutumia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Urithi. Na wewe mnunuzi, ukinunua shamba kwa mtu asiye na idhini hiyo, hata kama ni mwana wa marehemu, umejinunulia kesi. Muulize kwanza: hati iko kwa jina la nani, na karatasi ya mahakama iko wapi?

Jirani zetu wasio Waislamu huanzia kwa hakimu au Mahakama Kuu. Huhitaji cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa kawaida msimamizi husubiri miezi sita tangu apewe barua za usimamizi kabla ya mahakama kuthibitisha ugavi.

Deni ambalo mtu hakulipi

Fundi ametengeneza vitanda, mteja amechukua na simu amezima. Mvuvi amepeleka samaki hotelini mwezi mzima, malipo ni "njoo kesho". Zamani fundi huyu alikuwa akikata tamaa, maana wakili angemgharimu kuliko deni lenyewe.

Mahakama ya madai madogo iliundwa kwa ajili ya watu kama hawa, kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja: bidhaa au huduma zisizolipwa, pesa ulizomwekesha mtu akakataa kurudisha, au hasara uliyosababishiwa katika mali yako. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Mgogoro wa umiliki wa ardhi, kesi ya kazi na ile ya kuchafuliwa jina haziingii humo.

Kabla ya kufungua, mwandikie mdaiwa barua ya madai. Taja kiasi, tarehe na sababu ya deni, na umpe muda wa kulipa. Weka nakala. Wengi hulipa wakishapata barua hiyo, kwa sababu wameona huna mchezo. Asipolipa, barua hiyo itakusaidia kuonyesha kwamba ulimpa nafasi.

Na ujue kuwa kushinda si mwisho wa safari. Mdaiwa akikataa kutii hukumu, ni juu yako kurudi mahakamani kuomba itekelezwe, na hapo ndipo madalali huingia kukamata mali. Kwa hiyo ni muhimu tangu mwanzo kujua mdaiwa ana nini, na anapatikana wapi.

Kijana akikamatwa

Hapa ndipo hofu hutufanya tutoe pesa ovyo. Katiba, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuzungumza na wakili, na afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, hupelekwa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa hadi Jumatatu.

Ana haki pia ya dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuia. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande.

Dhamana ya pesa taslimu si faini wala ada. Ni amana. Kesi ikimalizika, na mshtakiwa hakukosa kufika, pesa hurudishwa kwa aliyeziweka. Lakini bila risiti utamdai nani? Kila shilingi unayotoa, iwe kituoni au mahakamani, idai risiti na uangalie jina lililoandikwa. Mshtakiwa akitoroka, amana hiyo inaweza kuchukuliwa na serikali, na aliyemdhamini atatafutwa.

Kuna jambo jingine wazee wanapaswa kuwaambia vijana. Wengi hukubali makosa ili "mambo yaishe" warudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kukiri kosa ni kutiwa hatiani, na rekodi hubaki. Siku atakapotaka cheti cha tabia njema ili apate kazi, iwe hapa au Ughaibuni, rekodi hiyo inaweza kumfungia njia. Kama hukutenda kosa, sema hukutenda. Kama huelewi Kiingereza kinachosemwa, nyoosha mkono. Mkalimani ni haki yako kwa kifungu cha 50, na humlipi.

Mwenye nyumba, mwajiri na mtoto

Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa miaka isiyozidi mitano, hawezi kufukuzwa kwa kufungiwa kufuli usiku. Mwenye nyumba anatakiwa kumpa notisi rasmi ya miezi isiyopungua miwili, na mpangaji akipinga, jambo huenda mbele ya baraza la kisheria la wapangaji wa majengo ya biashara. Haki hii haimwondolei mpangaji wajibu wa kulipa kodi. Ukiwa na malimbikizo ya kodi, ni vigumu kusimama mbele ya yeyote kudai haki.

Aliyeachishwa kazi bila sababu au bila kusikizwa ana mahakama yake. Anayepata mshahara mdogo anaweza kuanzia kwa hakimu aliyeidhinishwa kusikiza kesi hizo.

Na mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Hayo yamo katika kifungu cha 53. Mama anayefungua kesi ya matunzo anadai haki ya mtoto, na hapo hakuna aibu.

Saa inahesabu

Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Mbele ya sheria, ajizi hufuta haki kabisa. Deni la mapatano lina miaka 6. Madai ya kuumizwa au kuharibiwa mali kwa uzembe wa mtu, kwa mfano ajali ya barabarani, yana miaka 3. Kesi ya kazi ina miaka 3. Kudai ardhi ni miaka 12.

Huo wa ardhi unatuhusu sana Pwani. Mtu akikaa kwenye ardhi yako ya kibinafsi kwa miaka 12, waziwazi, bila ruhusa yako na bila kuingiliwa, anaweza kwenda mahakamani kuomba atambuliwe kuwa mwenyewe. Wewe uliyehamia Nairobi au Dubai ukaacha shamba "litakuwepo tu", fikiria. Na wewe uliyekaa miaka mingi kwenye shamba la mtu asiyejulikana alipo, usingoje tingatinga lije ndipo utafute ushauri. Lakini kanuni hii haihusu ardhi ya umma, hata ukikaa miaka hamsini.

Kabla hujatoka nyumbani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kusanya karatasi zako: mikataba, risiti, barua, vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa na vya kifo. Ujumbe wa M-Pesa na wa simu usiufute, maana unaweza kuwa ushahidi. Piga picha, chapisha, uhifadhi nakala kwa mtu unayemwamini. Andika majina ya mashahidi na namba zao wakati kumbukumbu ni mbichi.

Ukifika mahakamani, anzia masjala au dawati la huduma, uulize jambo lako ni la mahakama gani. Ada hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutolewa. Anayekwambia "nipe mimi nikupelekee" mwepuke. Asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada. Ushauri wa bure unaweza kupatikana kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo Cha Sheria, FIDA kwa akina mama, na MUHURI. Na ukitendewa vibaya na mhudumu wa mahakama, kuna ofisi ya mpokea malalamiko ya Idara ya Mahakama. Malalamiko yako yapeleke kwa maandishi, utaje namba ya kesi.

Siwezi kusema mahakama zetu hazina kasoro. Kesi huahirishwa hadi mtu akachoka. Mtu wa visiwa vya Lamu hulipa nauli ya boti, akifika anaambiwa hakimu yuko likizo. Karatasi nyingi huandikwa kwa Kiingereza ambacho mwenye kesi hakielewi. Malalamiko haya ni ya haki, na mahali pa kuyatoa ni katika kamati za watumiaji wa mahakama, ambapo mahakimu, polisi, magereza, mawakili na wawakilishi wa wananchi huketi pamoja. Uliza kamati ya eneo lako hukutana lini, na nani anauwakilisha mtaa wenu.

Lakini kasoro hizo zisiwe sababu ya kukaa nyumbani. Kama familia yenu ina nyumba iliyo kwa jina la marehemu, anzeni wiki hii: iteni kikao, andikeni majina ya warithi wote, wa kike na wa kiume, wa karibu na wa mbali, na mmoja wenu aende masjala ya kadhi au ya hakimu kuuliza hatua ya kwanza. Kumuuliza karani ni bure. Na jirani akikuona pale akakuuliza umefanya nini, mwambie hujafanya lolote, umekuja kuandikisha chako.